Boriti ya Wizi

Msomaji wa Kiswahili aliyepitia skuli za Afrika Mashariki, aghalabu, alikutana na Myahudi wa fasihi kwa mara ya kwanza akiwa ameshika mizani na kisu. Huyo ni Shylock wa Shakespeare, aliyevishwa Kiswahili na Julius Nyerere katika Mabepari wa Venisi, tafsiri iliyotoka mwaka 1969. Tamthilia yenyewe iliandikwa mwishoni mwa karne ya 16, katika Uingereza iliyowafukuza Wayahudi mwaka 1290 na ambayo ilikuwa bado haijawafungulia rasmi mlango wa kurudi. Watazamaji wake wengi hawakupata kumwona Myahudi akiishi waziwazi na dini yake. Walioneshwa mizani mkononi mwake. Hawakuambiwa kwamba vitabu vya Myahudi huyo vilikuwa vimeijadili mizani hiyo kwa zaidi ya miaka elfu, vikiuliza swali zito: mtu afanye nini pale ukweli unapomgharimu raha yake na ya watoto wake?

Swali hilo si la Wayahudi peke yao. Mwenye duka hulijua, na fundi, na nahodha, na karani anayetia sahihi hesabu ambazo moyo wake haujazikubali. Lakini jinsi maadili ya Kiyahudi yalivyolipima ina jambo moja la kutazamwa kwa makini. Ukweli, katika maadili hayo, si chuma kisichopindika. Hupindika, na wanavyuoni wao walikiri hivyo bila haya. Ila upo upande mmoja ambao haukuruhusiwa kupindikia, nao ni upande wa mfuko wa msemaji.

Kwanza ni lazima iondolewe dhana kwamba hawa ni watu wa kuidharau mali. Talmudi, bahari ya mijadala ya wanavyuoni wa Kiyahudi iliyokusanywa katika nchi ambayo leo ni Iraki hadi karne ya 6 hivi, haiupambi ufukara kwa maneno mazuri. Imeelezwa humo kwamba ufukara ndani ya nyumba ni mzito kuliko mapigo hamsini, na kwamba dhiki ya umaskini ni miongoni mwa mambo yanayomtoa mtu katika akili yake. Walisema wazi kwamba pasipo unga hapana elimu. Rabi Yehuda alimhukumu baba asiyemfundisha mwanawe kazi ya mikono kuwa ni kama aliyemfundisha unyang'anyi. Hata sadaka iliwekewa mpaka: mtu asitoe zaidi ya moja kwa tano ya mali yake, asije akageuka yeye mwenyewe kuwa mwombaji. Basi anayetakiwa kusema kweli katika maadili haya hatakiwi kwanza kuiona mali kuwa takataka. Anaijua bei ya kile anachokiacha, na ndiyo maana kukiacha kwake kuna uzito.

Juu ya msingi huo lilisimama neno la Rava, aliyeishi karne ya 4 katika Mahoza, mji wa biashara kando ya mto Tigris. Imepokewa kutoka kwake kwamba mja atakapofikishwa mbele ya hukumu, la kwanza atakaloulizwa ni iwapo alinunua na kuuza kwa uaminifu. Swali la nyakati alizozitenga kwa ajili ya elimu huja baada ya hapo. Mwanachuoni aliyetumia umri wake wote katika vitabu alikiri, basi, kwamba hesabu ya mwanadamu inaanzia sokoni.

Na sheria ilishuka mpaka chini kabisa, kwenye vyombo vyenyewe. Taurati ilikwisha kukataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani katika mfuko wake, kubwa na dogo. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, iliongeza kwamba mchuuzi wa rejareja aoshe vipimo vyake mara mbili kwa wiki, afute mawe ya mizani mara moja kwa wiki, na asafishe mizani kila baada ya kupima. Sababu yake yaeleweka na kila aliyewahi kupima mafuta: ute ulioganda ndani ya kibaba hukipunguza kibaba, wala hakuna anayeuona. Mawe ya mizani yasiwe ya madini, ambayo hulika kwa kutumika, bali yawe ya jiwe gumu au kioo. Kipimo pungufu kisiwekwe nyumbani hata kikigeuzwa chombo cha haja ya usiku, isije ikatokea magharibi yenye haraka mtu akakitwaa na kupimia. Aliyeuziwa kitu kwa bei iliyozidi thamani yake kwa moja kwa sita hurudishiwa ziada. Ikipita hapo, biashara yenyewe yaweza kuvunjwa. Na mnunuzi naye hakuachwa huru: asiye na nia ya kununua asimuulize mwenye duka bei, akampa matumaini ya bure.

Msomaji wa pwani aliyeifahamu tangu chuoni sura ya wapunjao hatayaona haya kuwa mageni. Atakumbuka pia jinsi Mtume alivyotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni na kukuta umajimaji chini ya ukavu. Dini hizi mbili zilizaliwa katika nchi za misafara na masoko, na zote mbili zilijua kwamba dhulma kubwa huweza kuanza na kidole kimoja kilichoachwa juu ya mizani.

Wanavyuoni hao hawakuwa watu wasioujua ujanja. Rabban Yohanan ben Zakkai, wa karne ya 1, alipofika kwenye hila za wapimaji alijikuta katika dhiki: akizitaja, walaghai watajifunza, asipozitaja, watasema kwamba wanavyuoni hawajui lolote juu ya kazi za mikono yao. Inasemwa kwamba mwishowe alizitaja. Alichagua maarifa pamoja na hatari yake, kuliko uchamungu unaofumba macho.

Hapo mtu angetazamia kwamba watu wakali kiasi hicho juu ya kibaba wangekuwa wakali vivyo hivyo juu ya kila neno. Sivyo. Walibishana wafuasi wa Hillel na wafuasi wa Shammai juu ya namna ya kumsifu bibi harusi. Wa Shammai walisema asifiwe kama alivyo. Wa Hillel walisema kila bibi harusi asifiwe kwa uzuri na haiba. Wa Shammai wakauliza: hata akiwa kiwete au kipofu, na hali Taurati imeamuru kujiepusha na uongo? Wa Hillel wakajibu kwa mfano wa soko: mtu aliyenunua kitu kibaya, akaja kukionesha, je, kisifiwe machoni pake au kiaibishwe? Kisifiwe.

Mfano huo unastahili kukaliwa kitako. Sifa ile ile, kwa maneno yale yale, ikitoka kinywani mwa muuzaji kabla ya bei kulipwa, ni ulaghai unaovunja biashara. Ikitoka kinywani mwa rafiki baada ya bei kulipwa, ni huruma. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni anayefaidika. Muuzaji hujilisha kwa uongo wake. Rafiki hapati hata senti moja.

Mifano mingine yaenda njia hiyo hiyo. Taurati inasimulia kwamba Sara alicheka moyoni na kusema mumewe ni mzee, lakini Mungu alipomfikishia Ibrahimu habari hiyo, alimwambia kwamba mkewe amejitaja mwenyewe kuwa mzee. Wanavyuoni walifahamu kutokana na hayo jinsi amani ilivyo kubwa. Walimruhusu mwanachuoni kugeuza maneno katika mambo matatu: elimu yake, akiificha kwa unyenyekevu, kitanda chake, akikisitiri kwa haya, na ukarimu aliotendewa, asije akamsifu mwenyeji wake mpaka watu wabaya wakamvamia na kumfilisi. Unyenyekevu, haya, na kumlinda aliyekukirimu: katika orodha hiyo mfuko wa msemaji haumo.

Hata hivyo ruhusa hiyo haikuachwa iwe mazoea. Rav, mmoja wa wakubwa wa karne ya 3, alikuwa na mke aliyempinga: akitaka adesi, humpikia dengu, akitaka dengu, humpikia adesi. Mwanawe Hiyya alipokua, akawa anaugeuza ujumbe wa baba, na nyumba ikatulia. Rav alipogundua, alikiri kwamba mwana amemzidi baba akili, lakini akamkataza. Amani ilipatikana, na chakula alichokitaka kilipatikana. Ila ulimi wa kijana ulikuwa unafundishwa njia, na ulimi uliokwisha fundishwa njia hauchagui tena wa kumwendea.

Umebaki mlango mmoja, na haki inataka utajwe. Mishna iliruhusu mtu kuapa uongo mbele ya wauaji, wanyang'anyi na watoza ushuru ili kuiokoa mali yake. Je, hapo ukweli haukuuzwa kwa fedha? Wanavyuoni wa Talmudi walishtuka pia, kwani Shmuel, aliyeishi zama za Rav, alikuwa ameweka kanuni kwamba sheria ya dola ni sheria. Wakajibu kwamba huyo ni mtoza ushuru asiye na kiwango, au aliyejiweka mwenyewe barabarani bila amri ya mtawala. Yaani mnyang'anyi mwenye daftari. Kumdanganya huyo ni kuzuia chako kisiporwe, si kuchukua cha mwenzako. Tofauti hiyo ni ya haki, lakini ni nyembamba kama uzi. Kila mkwepa kodi tangu zama hizo amependa kuiita serikali yake mnyang'anyi, na kila mwenye kupunja amependa kusema kwamba anajirudishia tu haki yake.

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo mwandishi yeyote mwaminifu hawezi kulipita pembeni: mtu wa nje. Ilikuwaje pale mnunuzi au muuzaji hakuwa Myahudi? Shmuel yuyo huyo alifundisha kwamba ni haramu kuiba akili za watu, yaani kuwatia katika dhana ya uongo, hata akiwa ni mwabudu masanamu. Lakini juu ya mtu wa nje aliyejikosesha mwenyewe katika hesabu walibishana, na wapo waliosema kwamba sheria haimlazimishi aliyefaidika kumzindua. Yalikuwa maneno ya watu wanaoishi chini ya watawala wasiowatendea haki sawa. Hata hivyo uchungu unaeleza jambo tu, hauliondolei uzito wake. Na wa kwanza kuliona doa hilo walikuwa Wayahudi wenyewe. Tosefta, mkusanyiko ndugu wa Mishna, ilisema kumwibia asiye Myahudi ni kuzito kuliko kumwibia Myahudi, kwa kuwa huleta aibu juu ya Jina la Mungu. Katika karne ya 13 Moses wa Coucy, mwanachuoni wa Ufaransa, alizunguka akiwahubiria watu wake kwamba hadaa kwa watu wa nje huchelewesha wokovu wao wenyewe. Menachem Meiri wa Perpignan, aliyezaliwa mwaka 1249, alikata shauri kwamba mataifa yanayofungwa na adabu za dini yana haki ile ile katika mambo ya mali.

Lakini kabla ya wote hao palikuwa na kisa cha Shimon ben Shetach, aliyeishi karne ya 1 kabla ya Kristo na kuchuma riziki yake kwa kazi ya kitani. Wanafunzi wake walimnunulia punda kwa Mwarabu mmoja ili wampunguzie taabu. Wakakuta kito cha thamani kinaning'inia shingoni mwa mnyama, wakamjia kwa furaha: sasa hutafanya kazi tena. Akauliza kama mwenye punda alijua. Walipokiri kwamba hakujua, akaamuru kirudishwe, kwani yeye alinunua punda, hakununua kito. Sheria huenda ingemwachia. Yeye alitaka zaidi kumsikia Mwarabu yule akimhimidi Mungu wa Wayahudi.

Jirani na kisa hicho, katika Talmudi ya Yerusalemu, kipo kingine ambacho msomaji wa pwani atakitambua mara moja. Mtu alinunua gofu, akafukua hazina ndani yake. Akataka kuirudisha kwa muuzaji, naye muuzaji akakataa kuipokea, akisema ameuza gofu na vyote vilivyomo. Mfalme aliwauliza kama wana watoto, akawaozesha kijana wa huyu kwa binti wa yule, na hazina ikawa yao. Ndicho kisa cha mtungi wa dhahabu kilichopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim. Katika masimulizi ya Kiyahudi, Aleksanda wa Makedonia alikuwa ameketi pale barazani, na alipoulizwa nchi yake ingehukumuje, alisema wangeuawa wote wawili na hazina ikachukuliwa na mfalme. Mwenyeji wake akamuuliza kama huko kwao jua huwaka na mvua hunyesha, na kama kuna wanyama wadogo. Kisha akamwambia kwamba hunyesha kwa ajili ya wanyama hao.

Katika visa hivyo vyote kipo kitu kinachoonekana: kito, hazina, kibaba. Mizani ya Rav Safra haikuonekana. Huyu alikuwa mwanachuoni na mfanyabiashara wa karne ya 4 huko Babeli, na kisa chake kimehifadhiwa katika kitabu cha karne ya 8. Alikuwa anasali, na sala hiyo haikatizwi. Akaja mtu kununua bidhaa yake, akataja bei. Rav Safra akanyamaza kwa sababu ya sala. Mnunuzi akadhani bei haikumridhisha, akaongeza. Sala ilipokwisha, Rav Safra alikataa nyongeza, akamwuzia kwa bei ya kwanza, maana moyo wake ulikuwa umekwisha kuikubali.

Wengi wenye akili timamu wataona kwamba amezidi. Hakudanganya, hakuficha kasoro, hakutamka hata neno. Mnunuzi aliongeza kwa hiari yake, na soko lote limejengwa juu ya kunyamaza kwa namna hiyo. Mjane mwenye watoto wanne na karai moja la maandazi akiongezewa bei kwa sababu alikuwa anainuka kutoka katika sujudu, ni nani atakayethubutu kumwambia airudishe? Wanavyuoni wenyewe hawakuthubutu. Hawakukiweka kisa hiki kuwa sheria ya kila mtu. Walimtaja Rav Safra kuwa mfano wa yule asemaye kweli moyoni mwake, nao wakaacha mfano ufanye kazi yake. Sheria humzuia mtu asichukue cha mwenzake. Mfano humuuliza kama anaweza kuishi na yale anayoyajua peke yake. Mjane yule aweza kuichukua nyongeza bila lawama ya kadhi yeyote. Ila hakuna kadhi awezaye kumwondolea ujuzi kwamba aliipata kwa dhana isiyo kweli.

Kinyume cha Rav Safra kilioneshwa ulimwengu mzima Desemba 2008, alipokamatwa Bernard Madoff wa New York. Kwa miaka mingi alikuwa amewalipa wateja wa zamani kwa fedha za wateja wapya, huku karatasi zake zikionesha mali ya takriban dola bilioni 65. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 150, akafia gerezani mwaka 2021. Alikuwa Myahudi, na wengi aliowafilisi walikuwa Wayahudi wenzake. Alikuwa mweka hazina wa bodi ya Yeshiva University, chuo kinachofundisha Talmudi yenyewe. Taasisi ya Elie Wiesel, aliyeokoka kambi za mauaji za Wanazi, ilipoteza takriban dola milioni 15. Hao walidhulumiwa, na si haki kuwalaumu kwa wizi wa mwingine. Lakini msiba huo ulifichua swali wasilolipenda watu wenye raha, wa taifa lolote: faida inayofika kila mwaka bila kupungua, ni nani mwenye hamu ya kuiuliza inatoka wapi? Wapo watu na taasisi waliotoa zaidi ya walichoweka, wakakitumia, kisha wakatakiwa kukirudisha kwa sababu kilikuwa mali ya wengine.

Mishna ilikwisha kusema kwamba ukuti wa mtende ulioibwa haufai kwa ibada ya sikukuu ya vibanda, hata ukiwa mbichi na ulionyooka namna gani. Ibada haiusafishi wizi. Wizi ndio huiharibu ibada. Lakini mtu afanye nini ikiwa amekwisha kujenga? Wanavyuoni waliuliza hasa hivyo: mtu ameiba boriti, akaijengea nyumba, na sasa anataka kutubu. Wafuasi wa Shammai walisema nyumba yote ibomolewe, boriti irudishwe kwa mwenyewe. Wafuasi wa Hillel walisema alipe thamani yake, ili mlango wa toba usifungwe kwa ukubwa wa gharama.

Hukumu ilikuwa ya Hillel, na ina huruma. Inajua kwamba chini ya dari hiyo wamelala watoto, na kwamba raha ya nyumba si dhambi. Haimtaki mtu akalale mvuani ili aonekane mkweli. Inamtaka jambo moja tu, nalo ni gumu kuliko linavyosikika: ainue macho, aihesabu dari yake boriti kwa boriti, na akifika kwenye ile isiyo yake asiruke hesabu.